Kidole na Hataza

Nataka msumeno mdogo wa meza, ule wa kubeba na kuweka nyuma ya nyumba, nijitengenezee rafu za vitabu. Wauzaji wote wananipigia hadithi za nguvu ya mota na bei. Lakini historia ya mashine hizi imenifunza kuuliza kitu kingine kwanza: mkono ukiteleza, je?

Steve Gass alijiuliza hivyo hivyo. Huyu ni Mmarekani wa Oregon aliyesomea fizikia, akawa wakili wa hataza, yaani haki za kumiliki uvumbuzi, na alipenda useremala. Mwaka 1999 alibuni msumeno unaohisi ngozi. Mwili wa mtu hupitisha umeme vizuri kuliko mbao kavu. Diski ikigusa kidole, umeme mdogo uliomo hubadilika, na kipande cha alumini kinarushwa kwenye meno yake. Diski inakwama chini ya milisekunde 5. Gass alionyesha watu kwa soseji, halafu, we, akaweka kidole chake mwenyewe.

Kampuni kubwa hazikuchukua wazo hilo. Basi yeye na wenzake wakaanzisha SawStop, na mwaka 2015 ikatoa msumeno wa kubebeka. Mwaka uliofuata Bosch ikaleta wake sokoni, Reaxx. Hapo kulinganisha kulikuwa na maana. SawStop ikifyatuka, unanunua breki na diski mpya. Reaxx ilivuta diski chini ya meza bila kuiharibu.

SawStop ikashtaki. Mwaka 2017, Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani ikapiga marufuku Reaxx kuingizwa nchini humo. Mnunuzi akabaki na chaguo moja, tena ghali.

Simlaumu Gass kirahisi. Waliomkataa mapema walitaka nini baadaye, bure? Lakini hataza inalinda wazo, hailindi kidole cha mtu asiyeweza kulipa. Mwaka 2024 SawStop iliahidi kuachia umma hataza moja muhimu, iwapo serikali ingelazimisha kila msumeno wa meza uwe na kinga hiyo.

Huku kwetu, fundi wengi wanapasua mbao kwa mashine za kuchomelewa jua kali, diski ikiwa wazi kabisa. Kijiti cha kusukumia mbao kinatengenezwa kwa mabaki, na hakina mwenyewe. Mimi nitaanza na hicho, kisha ndio niulize bei ya mota.