Kutoka Ndai hadi Karatasi ya Mtihani: Mchezo katika Historia ya Fasihi ya Watoto Machakos

Historia ya fasihi ya watoto nchini Kenya aghalabu huandikwa kuanzia kitabu: nani alichapisha, mwaka gani, kwa lugha ipi. Mkabala huo una manufaa kwa mtunza maktaba, lakini kwa mhakiki anayeshughulikia eneo kama Machakos unaacha nje kilicho kiini. Mtoto wa Kikamba alikutana na sanaa ya lugha kwanza kama mchezo, wenye kanuni, zamu na mshindwa. Tunadai hapa kwamba kilichopotea fasihi hiyo ilipohamia kitabuni, jukwaani na hatimaye katika chumba cha mtihani si maneno, kwani maneno yamehifadhiwa vyema, bali ni nafasi ya mtoto kubishana.

Tuchukue ndai, yaani kitendawili. Mtegaji husema "Kwata ndai", shika kitendawili, na kwa kauli hiyo mwenzake huwa ameingia mchezoni apende asipende. Msomaji wa Kiswahili ataukumbuka utaratibu wa "Kitendawili!" na "Tega!", na ule wa kutoa mji mtu anaposhindwa. Wahakiki wengi huuona mji huo kama pambo tu la fomula. Sisi twauona kuwa sehemu ya mafunzo yenyewe. Aliyeshindwa hupima thamani ya mji anaoutoa. Mtegaji huukataa, akadai ulio mkubwa zaidi. Na kabla ya kufika huko, jibu lisilotarajiwa laweza kutetewa mbele ya wenzao, ambao ndio mahakama. Kitendawili cha nyumba isiyo na mlango chatarajia yai. Lakini mtoto wa vilima vya Iveti au Mua anayejibu kuwa ni kibuyu ambacho bado hakijakatwa mdomo hajakosea kimantiki, na akiwa na ulimi mwepesi atawavuta wenzake upande wake. Hapo ndipo sitiari hufundishwa, pasipo mtu kulitaja neno sitiari.

Mswidi Gerhard Lindblom alifanya utafiti Ukambani mnamo 1911 na 1912, na juzuu yake ya vitendawili, methali na nyimbo za Wakamba ikatoka mwaka 1934. Hatuwezi kumshutumu kwa kudharau mchezo: mwaka 1930 alikuwa amechapisha uchunguzi juu ya michezo ya kufuma maumbo kwa uzi vidoleni katika Afrika. Tatizo ni umbo la ukurasa. Ukurasa una mahali pa swali na mahali pa jibu. Hauna mahali pa jibu la pili lililokaribia kushinda. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, aliandika kwa Kikamba Mutunga na Ngewa Yake (1954), kisha akatoa Akamba Stories (1966) kwa Kiingereza. Kazi hizi mbili zina msomaji tofauti kabisa, na yafaa kujiuliza ni ipi kati yake ambayo mtoto angeweza kuikatiza kwa swali.

Mkutano wa Nairobi wa mwaka 1974 kuhusu ufundishaji wa fasihi katika shule za Kenya uliitetea fasihi simulizi, na haki ilikuwa upande wake. Hata hivyo, ushindi huo ulikuwa na gharama ambayo haijajadiliwa vya kutosha. Mtihani wa KCPE, uliofanywa tangu 1985 hadi 2023, ulimtaka mtahiniwa ategue kitendawili kwa kuchagua jibu moja kati ya manne. Mtoto wetu wa kibuyu hapati alama. Isitoshe, hana wa kumweleza sababu zake, maana karatasi husahihishwa kwa mashine, na mashine haidai mji.

Jukwaani mambo si tofauti sana. Katika Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, michezo ya nyimbo ya watoto hushindaniwa na shule. Watoto hucheza kwa ustadi mkubwa, lakini anayetolewa nje ya duara alikwisha kuchaguliwa na mwalimu wakati wa mazoezi. Ushindani umehama kutoka ndani ya mchezo na kwenda kwa waamuzi.

Vyombo vya habari vimejaribu kurudisha zamu ya mtoto. Ubongo Kids, kilichoanza Dar es Salaam mwaka 2014, kiliwaomba watazamaji wajibu maswali kwa ujumbe wa simu. Ni hatua, ingawa swali lilibaki la mtunzi na jibu likabaki lake.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kufanyiwa majaribio mwaka 2017, unaipa lugha ya mama nafasi katika madarasa ya chini, na unausifu mchezo kama njia ya kujifunza. Kwa mtafiti wa Machakos, sifa hizo zingepimika kwa jambo dogo: anapokwenda nyanjani na kinasa sauti, asikizime pindi jibu sahihi linapotajwa. Majibu yaliyokataliwa, pamoja na hoja za waliyoyatoa na vicheko vya waliyoyakataa, hayamo katika mikusanyo tunayofundishia.