Risasi 41 mlangoni

Ndugu msikilizaji, kila majambazi wanapovamia mtaa na kuua, barua ninazoletewa hapa studioni husema neno moja: polisi waachiwe wafanye kazi yao, wasifungwe mikono na sheria. Hasira hiyo naielewa. Mtu aliyevunjiwa nyumba usiku hana subira ya kufundishwa haki za binadamu. Lakini wiki hii nataka tuutazame mji mmoja wa Marekani ulioijaribu dawa hiyo, yaani New York, tuone iliponya nini na ilidhuru nini.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, maana haukuwa wa kubuni. Mwaka 1990 watu 2,245 waliuawa New York. Biashara ya kokeini ya kuvuta, iitwayo kraki, ilikuwa imeiteka mitaa ya maskini, na vijana waligombea vijiwe vya kuuzia kwa bastola. Wananchi walichoka. Meya David Dinkins alianza kuongeza askari, na Januari 1994 akaingia Meya Rudolph Giuliani, ambaye aliahidi ukali.

Kamishna wake wa polisi, William Bratton, alifuata nadharia iliyoandikwa mwaka 1982 na wasomi wawili, James Q. Wilson na George Kelling. Walisema dirisha moja lililovunjika likiachwa bila kutengenezwa, yote yatavunjwa, kwa sababu wahuni wataona kuwa pale hapana mwenyewe. Basi wakaanza kukamatwa wachora kuta, wanywaji wa barabarani na waliopanda treni bila nauli. Kufikia mwaka 1998 mauaji yalikuwa yameshuka hadi 630 hivi. Dunia nzima ikapiga makofi.

Nami sitadharau hesabu hiyo. Kila tarakimu hapo ni roho ya mtu. Hata hivyo, katika miaka hiyo hiyo uhalifu ulishuka pia San Diego, ambako polisi walichagua njia ya kushirikiana na wakazi wa mitaa. Biashara ya kraki ilikuwa inafifia, na ajira zilikuwa zinaongezeka. Sifa zote zikapewa ukali peke yake.

Sasa njoo nami mpaka Bronx, barabara ya Wheeler, usiku wa kuamkia tarehe 4 Februari 1999. Amadou Diallo, kijana wa miaka 23 mwenye asili ya Guinea, amesimama mlangoni mwa jengo analoishi. Kazi yake ni kuuza bidhaa ndogo ndogo kando ya barabara huko Manhattan. Kwetu angeitwa machinga. Hana silaha, wala hajawahi kutiwa hatiani. Wanatokea askari kanzu wanne wa kikosi cha kupambana na uhalifu wa mitaani, ambao walikuwa wanamsaka mbakaji. Katika muda mfupi wakafyatua risasi 41, na risasi 19 zikampata. Walisema walidhani amechomoa bastola. Kilichokutwa kando ya maiti yake kilikuwa pochi.

Maandamano yalifuata wiki kadhaa, na miongoni mwa waliokamatwa humo alikuwa Dinkins mwenyewe, meya wa zamani. Askari wale walishtakiwa kwa mauaji. Kesi ikahamishiwa Albany, na tarehe 25 Februari 2000 jopo la raia 12 likawaachia huru. Utetezi wao ulikuwa kwamba waliogopa.

Mimi naamini kwamba waliogopa. Ninachouliza ni nani aliyewafundisha hofu hiyo. Kikosi chao kilikuwa kimepanuliwa haraka mwaka 1997, kikatumwa usiku katika mitaa ya watu weusi kutafuta bunduki kwa kupekua wapita njia. Asiyekujua hakuthamini. Askari anayemjua kijana wa mtaa huo kwa jina angemwita. Asiyemjua huona kivuli mlangoni, na kivuli hicho kina rangi aliyozoea kuishuku.

Kikosi hicho kilivunjwa mwaka 2002, lakini mtindo wake ulibaki na kukua. Chini ya Meya Michael Bloomberg, polisi waliwasimamisha watu barabarani mara 97,000 hivi mwaka 2002. Mwaka 2011 idadi ikazidi 685,000. Wengi mno walikuwa weusi na Walatino, na karibu tisa katika kila kumi waliachiwa bila kosa lolote. Bunduki hazikupatikana hata mara moja katika kila mara mia. Methali yetu ya samaki mmoja akioza ilitumiwa kwa binadamu.

Agosti 2013 Jaji Shira Scheindlin aliamua kwamba upekuzi ule, kwa jinsi ulivyofanywa, ulivunja Katiba. Wakubwa wakaonya kwamba damu itamwagika tena. Mwaka 2014 upekuzi ulikuwa umeshuka chini ya 50,000. Na mauaji? Yalikuwa 515 mwaka 2011, yakawa 333 mwaka 2014, na 292 mwaka 2017. Ni kweli yalipanda mwaka 2020, lakini mwaka ule yalipanda Marekani nzima, hata katika miji ambayo haikuwahi kuwa na upekuzi wa namna hiyo.

Kwa hiyo mamia ya maelfu ya watu walisimamishwa, wakageuzwa ukutani na kupapaswa mifukoni mbele ya watoto wao, kwa faida ambayo mji haukuikosa ulipoacha. Familia ya Diallo ililipwa na mji dola milioni 3 mwaka 2004. Mama yake alikuwa amekwisha kumzika Guinea.

Ndugu msikilizaji, andika barua yako kudai ulinzi, ni haki yako. Lakini kabla hujaandika kwamba polisi wasiulizwe, fikiri kwanza ni mtoto wa nani atakayekuwa amesimama mlangoni usiku huo, akiingiza mkono mfukoni kutafuta kitambulisho. Tukutane wiki ijayo.