Njia ya Tabora: askari wa kawaida wa Force Publique katika vita vya 1916

Tarehe 19 Septemba 1916, majeshi ya Kongo ya Wabelgiji yaliingia Tabora. Vitabu vimemtukuza Jenerali Tombeur, na chini yake Molitor aliyepitia Kigali, na Olsen aliyepitia Kigoma. Askari waliotangulia mbele ya risasi wametajwa zaidi kwa hesabu ya bunduki. Hata hivyo, yapo mambo yanayowezesha kufahamu jinsi walivyoistahimili vita ile.

Kwa askari wa kawaida, vita ilikuwa kwanza mwendo. Toka Kivu hadi Tabora ni mamia ya kilomita, karibu zote kwa miguu, na katika miezi ile mitano siku za mapigano zilikuwa chache. Adui wa kila siku alikuwa njaa, homa na kuhara. Chakula kilifuata nyuma juu ya vichwa vya wapagazi, ambao ugonjwa uliwaua wengi mno kuliko risasi zilivyowaua wapiganaji.

Askari huyo alikuwa ameandikishwa kwa miaka saba, mara nyingi bila hiari: chifu alitakiwa kutoa vijana, naye hakutoa wale aliowapenda. Akiisha kukatwa na ukoo wake, kijana alikuta kambini kijiji kingine. Huko aliweza kuishi na mke, na katika safari ya 1916 wanawake wengi walifuata vikosi, wakibeba vyungu na watoto. Anayejiuliza kwa nini askari hakutoroka, na aanze hapo. Hofu ya kiboko, inayotajwa sana, haitoshi kuwa jibu, kwani kiboko hakikumlinda mtu usiku. Lakini mwanamke aliyempikia na kumwosha kidonda alikuwa mkiani mwa msafara uleule. Kutoroka ilikuwa kumwacha yeye pia, na aliyeonekana mwoga mchana alirudi jioni kuota moto pamoja na walewale waliomwona.

Lugha nayo yastahili kuangaliwa. Baada ya maasi ya Luluabourg ya 1895, serikali ilichanganya makabila kwa makusudi ndani ya vikosi, hata wenzi wa kambi moja wakalazimika kutafuta lugha ya pamoja: Kiswahili kwa wengi wa mashariki na Katanga, Lingala kwa wengine. Ng'ambo ya pili, askari wa Wajerumani walisema Kiswahili pia. Basi huko Lulanguru na Itaga, karibu na Tabora, kilio cha majeruhi kiliweza kueleweka pande zote mbili. Kumpiga adui ambaye maneno yake yanafahamika ni mzigo wa namna nyingine, nao haumo katika taarifa za maofisa.

Ushindi haukuwapa mapumziko marefu. Mwaka 1917 vikosi vya Kongo vilirudishwa vitani, na mwezi wa Oktoba vikaingia Mahenge. Aliyeandikishwa mwaka 1914 alikuwa bado na miaka minne ya utumishi mbele yake.