Mfa Maji Hukamata Maji: Je, Mateso Huleta Habari za Kweli?

Mwalimu wa Kiswahili katika wilaya ya Kasese hukutana na sura mbili za lugha hii. Kule Bwera, katika soko la mpakani la Mpondwe, Kiswahili ni mojawapo ya lugha za biashara baina ya Wakonzo na ndugu zao Wanande wanaotoka upande wa Kasindi, Kongo. Kwa wazee wengi wa Uganda, hata hivyo, Kiswahili ni lugha ya askari. Ilitumika katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles, na baada ya uhuru wa 1962 ikaendelea kuwa lugha ya kambi. Ndiyo maana historia ya mateso nchini imetuachia msamiati wa kambini. "Panda gari" ni jina la misako ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, raia walipopakiwa kwenye malori. "Kandooya" ni kumfunga mtu viwiko nyuma ya mgongo. Makala haya yanauliza: je, maneno yanayotoka kwa mtu aliyefungwa hivyo ni habari?

Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF walivuka mpaka na kuishambulia Mpondwe. Tarehe 8 Juni 1998 waliwaua wanafunzi wengi kwa moto katika Chuo cha Ufundi cha Kichwamba, Kabarole. Serikali ilikuwa na wajibu wa kuwasaka waasi na wasaidizi wao. Tatizo lilikuwa njia iliyotumika. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya Aprili 2009 ilieleza jinsi kikosi cha pamoja cha kupambana na ugaidi kilivyowazuilia watu Kololo, Kampala, wakiwemo walioshukiwa kuwa ADF, na kuwatesa ili wakiri. Wachache tu walifikishwa mahakamani. Baadhi walishinikizwa kuomba msamaha chini ya Sheria ya Msamaha ya 2000 ndipo waachiliwe. Kuomba msamaha ni kukiri. Kwa hiyo katika daftari, mwasi na asiye na hatia walifanana.

Watetezi wa mateso hudai kwamba mtu akiumizwa husema kweli. Huenda wakati mwingine akasema. Lakini anayejua hutaja jina, na asiyejua naye hutaja, maana maumivu hukoma anapotaja. Mfa maji hukamata maji. Mhoji hawezi kuyatofautisha majibu hayo mawili bila ushahidi mwingine. Na kama ushahidi huo anao, mateso yalikuwa ya nini?

Tazama mfano wa Ibn al-Shaykh al-Libi. Alipoteswa nchini Misri, alisema Iraki iliwafundisha al-Qaeda kutumia silaha za kemikali. Tarehe 5 Februari 2003 Colin Powell aliyatumia maneno hayo mbele ya Umoja wa Mataifa kutetea vita. Mwaka 2004 al-Libi aliyakana. Vita vilikuwa vimekwishaanza.

Sisi walimu tusishangae. Mwanafunzi anayeogopa kiboko hajibu anachokijua. Hujibu anachodhani mwalimu anakitaka.

Katiba ya 1995 inakataza mateso bila kuruhusu dharura yoyote, na sheria ya 2012 inakataza mahakama kupokea ushahidi uliopatikana kwa mateso. Hata hivyo, mwaka 2017 picha za majeraha ya watu waliozuiliwa Nalufenya, Jinja, zilitikisa nchi. Sheria pekee haitoshi.

Tarehe 16 Juni 2023 wauaji walirudi Mpondwe, wakaishambulia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha na kuua watu wasiopungua 42, wengi wao wanafunzi. Baada ya msiba kama huo, hasira hudai majibu ya haraka. Lakini anayemwona mgeni akivuka mto usiku ni mwanakijiji, naye atapiga ripoti kwa askari asiyemwogopa tu. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu 2005. Askari wengi wa kesho watapita katika madarasa yetu. Tuwafundishe kuuliza swali na kusubiri jibu.