Zahabu ndani ya maji: kosa dogo la mizani linaweza kula makuta ya mchimbaji

Kule Kamituga, Misisi ama Mongbwalu, kila mchimbaji anajua: bei ya zahabu inafuata uzito na usafi wake. Njia moja ya kujua usafi ni kupima kipande mara mbili: kwanza kikiwa kikavu, kisha kikining'inia kwa uzi ndani ya maji. Uzito unaopungua majini unaonyesha ukubwa wa kipande: gramu 1 ni sentimita 1 ya ujazo. Unachukua uzito wa kwanza, unagawanya kwa ile tofauti.

Tuseme mizani inaonyesha gramu 20,0 nje na 18,9 ndani ya maji. Tofauti ni 1,1. Jibu ni karibu 18,2. Zahabu safi ya karati 24 ni 19,3. Ya karati 18 iko karibu 15,5. Mnunuzi anasema: «Hii si safi, nakata bei.» Je, ana haki?

Hapo njo shida iko. Mizani ile inaweza kukosea gramu 0,1 kila mara.

Kanuni ni mbili:

- Ukijumlisha ama ukitoa, makosa yanajumlishwa. 0,1 na 0,1 ni 0,2. Kwa hiyo ile 1,1 inaweza kuwa 0,9 ama 1,3.
- Ukizidisha ama ukigawanya, asilimia za makosa ndizo zinajumlishwa. 0,2 juu ya 1,1 ni asilimia 18; 0,1 juu ya 20 ni nusu asilimia tu. Jumla karibu 19.

Basi jibu liko kati ya 14,8 na 21,6. Mizani hiyo haiwezi kutofautisha karati 18 na zahabu safi! Kumbe kutoa namba mbili zinazokaribiana kunakuza kosa.

Hesabu hii inachukua hali mbaya zaidi. Makosa mawili yanaweza pia kupunguzana. Ndiyo maana wenye fizikia wanazidisha kila kosa kwa lenyewe, wanajumlisha, kisha wanatafuta kipeuo cha pili: 0,14. Bado ni asilimia 13.

Kwa mizani ya gramu 0,01, namba zilezile zinatoa kati ya 17,8 na 18,5. Hapo mnunuzi ana haki kusema si safi.

Angalia pia vipovu vya hewa vinavyoshika kipande majini. Hivyo vinashusha jibu kila mara, na mwenye kupoteza ni mchimbaji. Tikisa uzi kwanza, halafu soma mizani.