Mtungi Kabla ya Friji: Joto la Pombe Kilosa na Mikumi

Mtu anayechachusha pombe nyumbani ndani ya friji kuukuu hununua kidhibiti joto cha bei nafuu, kijisanduku chenye vitu vitatu: kihisi kwenye ncha ya waya, kioo kidogo kinachoonyesha nyuzi, na swichi ya ndani ambayo mafundi huiita rilei. Waya wa moto unaokwenda kwenye kompresa hupitishwa kwenye rilei, nyutro huachwa ipite bila kukatwa, na waya wa ardhini hauguswi kabisa. Kihisi hubandikwa ubavuni mwa ndoo, hakiachwi kikining'inia hewani, maana kinachotakiwa ni joto la pombe yenyewe, nayo pombe inayochacha huwa na joto kuliko hewa iliyoizunguka. Ukikiwekea nyuzi 20, kitawasha kompresa pombe ikifika 21, kitaizima ikirudi 20, kisha kitangoja dakika chache kabla ya kuiwasha tena ili isiungue. Kipime, kilinganishe, kitende: kazi yake yote ni hiyo. Ukikitazama, ni rahisi kudhani kwamba kabla yake wapika pombe wa Kilosa na Mikumi walikuwa wakibahatisha. Dhana hiyo ina makosa. Kazi ya kupima, kulinganisha na kutenda ilikuwepo katika mabonde haya tangu zamani, mikononi mwa wanawake. Walichokosa ni baridi ya kudumu, na baridi ya kudumu ni haja ya pombe inayosafiri au kungoja mnunuzi. Pombe inayonywewa pale pale ilipopikwa haiihitaji.

Ushahidi wa maandishi unaanza na mtu asiyekuwa na mapenzi makubwa na wenyeji wala vinywaji vyao. Mwaka 1857 Richard Burton na John Speke walipita Usagara wakifuata bonde la mto Mkondoa, mto ule ule unaopita Kilosa. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1860 Burton alieleza jinsi pombe ilivyotengenezwa katika nchi za bara alizopitia: sehemu ya nafaka ililowekwa au kufukiwa hadi ikaota, ikatwangwa na kuchanganywa na unga wa nafaka isiyoota, pengine pamoja na asali kidogo, mchanganyiko ukachemshwa mara mbili au tatu katika vyungu vikubwa, ukachujwa, ukaachwa uchache. Akaongeza kwamba baada ya siku ya tatu huwa chachu kama siki. Wasomaji wengi hupita haraka kwenye maelezo hayo, lakini yana mambo mawili makubwa. La kwanza ni kule kuchemsha zaidi ya mara moja: mtu asiyejua joto linafanya nini hana sababu ya kuteketeza kuni mara tatu kwa chungu kimoja. La pili ni zile siku tatu. Pombe ilikuwa na ratiba, na ratiba hiyo ilijulikana vizuri kiasi kwamba hata msafiri aliyekuwa akipita aliweza kuiandika.

Tazama kinachotokea ndani ya chungu. Kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, ikaanikwa na kusagwa, kina vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari. Vimeng'enya hivyo hufanya kazi kwa kasi kwenye nyuzi 60 hadi 70, na hufa uji unapokaribia kuchemka. Kimea hicho hicho hubeba chachu, viumbe vidogo vinavyogeuza sukari kuwa kilevi, navyo hufa mapema zaidi, nyuzi zikipita 50 na ushei. Ndiyo maana kimea hutiwa kwa awamu. Awamu ya kwanza huingia uji ukiwa umepoa kidogo lakini bado una joto, ili uwe mtamu. Ukishachemshwa tena, kimea cha awamu ya pili hungoja hadi uji upoe kabisa, kwa sababu safari hii kinachotakiwa ni kilicho hai. Kipimo ni kidole, au mkono wote. Mkono wa mtu huanza kuungua mahali pasipo mbali na pale chachu inapoanza kufa, kwa hiyo mpika pombe anayesema uji haujawa tayari kwa sababu bado unachoma anasoma kihisi chake, na kihisi hicho kimerekebishwa mahali panapofaa kabisa kwa kazi ile.

Atasema mtu: kujua wakati wa kutia kimea si sawa na kudhibiti joto la siku nzima. Ni kweli, na hapa ndipo mtungi unapoingia. Mtungi wa udongo usiopakwa kitu huvuja jasho. Maji hupenya polepole hadi nje, huvukizwa na hewa, na mvuke huondoka na joto. Hesabu yake si ngumu. Lita 20 za pombe yenye kilevi cha asilimia 4 hutumia takriban gramu 70 za sukari kwa kila lita, na chachu inapoila sukari hiyo hutoa joto linalotosha kupandisha pombe yote nyuzi 9 hivi. Kuliondoa joto hilo kunahitaji kuvukizwa kwa theluthi moja tu ya lita ya maji. Bila shaka hewa ya nje nayo huingiza joto lake, kwa hiyo mtungi hauwezi kuwa friji, lakini unaweza kuizuia pombe isijipike yenyewe. Uweke kivulini, mahali penye upepo, juu ya mchanga uliolowa, na umeongeza nguvu yake. Usogeze karibu na figa usiku wa baridi, na umewasha kipasha joto. Njia hii hufanya kazi vizuri zaidi hewa ikiwa kavu. Pwani yenye unyevu mtungi hutoa jasho kwa shida, ilhali Kilosa, yapata mita 490 juu ya usawa wa bahari, huwa na hewa kavu kuanzia Juni hadi Oktoba. Na Juni ndiyo msimu wa mavuno.

Jambo hili la msimu lina uzito kuliko linavyopewa. Nafaka huwa nyingi baada ya mavuno, na mavuno huangukia miezi ya baridi. Ngoma, arusi na kazi za kusaidiana zilizolipwa kwa pombe zilikaa humo humo. Mwanaanthropolojia T. O. Beidelman, aliyeishi Ukaguru, nchi ya jirani na Kilosa, mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika mwaka 1961 makala nzima juu ya unywaji wa pombe na wizi wa ng'ombe huko. Shauku yake ilikuwa juu ya mahusiano ya Wakaguru wakulima na wafugaji waliokuja kunywa kwao, wala hakujishughulisha na nyuzi za joto, lakini msomaji wa leo anaona kitu kingine: soko lenye majira yake, ambamo pombe ilimngoja mnywaji kwa muda mfupi na mnywaji akaifuata ilipo. Palipo na utaratibu kama huo, kalenda yenyewe ni sehemu ya kidhibiti joto. Huhitaji kuipoza pombe ya Januari ikiwa desturi inakutaka upike Julai.

Pingamizi zito zaidi ni hili: pombe hiyo iligeuka siki siku ya nne, na kitu kinachoharibika siku ya nne kimekosa udhibiti. Pingamizi hili huchukua bia ya chupa kuwa kipimo cha kila pombe. Uchachu wa pombe ya mtama hutakiwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wakishirikiana na wenzao wa Norway, walichunguza togwa, kinywaji cha nafaka kilichochachushwa, na mwaka 2003 wakachapisha matokeo: bakteria wa asidi ya laktiki na chachu hufanya kazi pamoja, na uchachu hupanda haraka ndani ya saa 24. Asidi hiyo huwazuia vijidudu vingi vya maradhi. Miaka tisa kabla yao, Wilbald Lorri na Ulf Svanberg walikuwa wameonyesha kwamba watoto wadogo waliolishwa uji uliochachushwa waliugua kuhara kwa uchache kuliko wenzao. Kwa hiyo joto la nyuzi 25 hadi 30, ambalo mtengeneza bia wa Ulaya angelikimbia, kwa mpika togwa au pombe ya mtama ni joto jema, kwa sababu bakteria wa laktiki hulipenda. Ukiiweka pombe ya mtama kwenye friji yenye nyuzi 12 utapata kinywaji kizembe, kisichochacha inavyopasa.

Baridi, basi, ilitoka wapi? Ilitoka kwenye biashara ya bia yenyewe, tena kwa maana halisi. Bia ya laga huchacha kwenye nyuzi 8 hadi 14 hivi na kisha huhifadhiwa kwa wiki kadhaa kwenye baridi kali zaidi. Bavaria iliitengenezea katika mapango na kwa barafu ya majira ya baridi. Carl von Linde alipobuni mashine yake ya baridi katika miaka ya 1870, waliomuunga mkono mapema walikuwa watengeneza bia, na mashine ya kwanza ilikwenda kwenye kiwanda cha Spaten, Munich. Friji inayouzwa leo kwa ajili ya nyanya na samaki ni mjukuu wa mashine ya bia. Ilihitajika kwa sababu bia ilipaswa kupikwa mahali pamoja, mwaka mzima, na kuuzwa mbali. Afrika Mashariki ilifuata njia hiyo hiyo. Tanganyika Breweries ilianza Dar es Salaam mwaka 1933, ikaungana na ndugu yake wa Kenya mwaka 1936. Wakati huo Reli ya Kati ilikuwa imekwisha kupita Kilosa tangu enzi za Wajerumani, na mashamba ya mkonge ya Kilosa na Kimamba yalikuwa na watu wanaopokea mshahara kwa tarehe. Chupa iliyotoka Dar es Salaam ilimshinda mpika pombe wa Kilosa kwa jambo moja: iliweza kukaa dukani hadi siku ya mshahara.

Mikumi inathibitisha jambo hilo hilo kwa njia yake. Mji umechukua jina la mikumi, ile miti mirefu ya jamii ya mitende ambayo Waswahili wengine huiita mivumo, na ambayo jamaa zake hugemwa tembo katika sehemu nyingi za Afrika. Tembo haina siku tatu, ina saa. Methali humlaumu mgema kwa kutia maji, lakini adui mkubwa wa tembo ni jua la saa sita mchana. Baadaye barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia ilipita hapa, na pamoja nayo ulanzi, pombe ya mianzi ya nyanda za juu. Wanywaji wa ulanzi wana majina ya hatua zake: ukiwa mtamu huitwa mtogwa, ukikomaa na kuwa mkali huitwa mkangafu. Majina hayo ni kipimajoto na saa kwa pamoja, kwa sababu ulanzi ambao ungebaki mtogwa hadi jioni milimani huwa umeshakuwa mkangafu ukifika bondeni mchana. Hata umeme wa kuendesha friji ulikuwa jirani: kusini kidogo, bwawa la Kidatu lilianza kuuzalisha mwaka 1975 na sasa lina uwezo wa megawati 204, lakini nyaya zake kubwa zilipita juu ya vijiji vingi kuelekea Morogoro na Dar es Salaam. Wakala wa Nishati Vijijini ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2005. Kwa takriban miaka 30 baridi ilitengenezwa kwa maji ya mto wa jirani na kutumiwa kwingine.

Haifai kuigeuza historia hii kuwa sifa tupu. Nafaka inayooteshwa kwenye unyevu huota pia ukungu, na sumukuvu haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kuchemsha. Kidole hakina kihisi cha sumu hiyo, na kidhibiti cha dukani pia hakina. Gongo, ile pombe kali iitwayo pia moshi, ni hatari ya namna nyingine, na serikali iliitungia sheria mwaka 1966, Sheria ya Moshi. Hata katika pombe safi, mtungi ulimlazimisha mama mpika pombe auze yote ndani ya siku mbili, kwa bei aliyotaka mnywaji, na hapo ndipo friji yenye kidhibiti ingemfaa kwelikweli: ingempa siku tatu au nne za kukataa bei mbaya. Tatizo ni kwamba friji huhitaji mtaji, na mwenye mtaji mara nyingi si yeye. Kazi ikihamia kwenye friji, kuna hatari ihamie pia kwa mwenye friji, na ujuzi wa mkono uhesabiwe ushamba.

Anayetaka kuunga kidhibiti chake Kilosa aunge. Afanye kazi hiyo na fundi wa umeme, asisahau waya wa ardhini. Ila ajue anaponunua kwamba kifaa hicho kimetengenezewa pombe ya kungoja. Milima ya Ukaguru iko kaskazini mwa mji, ikipita mita 2,000, na usiku wa Julai huko kidhibiti kilichowekwa nyuzi 20 hakitawasha friji hata mara moja.