Kupandikiza mbegu: bwana naye apimwe

Mwaka 1 ukipita bila mimba, wengi wanamnyooshea bibi kidole. Lakini shida inaweza kutoka kwa bwana, kwa bibi, ao kwa wote wawili. Kwa hiyo wote wapimwe.

Kupandikiza mbegu ni nini? Mbegu za bwana zinasafishwa kwenye laboratwari, kisha munganga anaziingiza ndani ya kizazi cha bibi kwa mpira mwembamba, wakati yai linatoka. Hakuna kupasuliwa. Kisha siku 14 hivi, wanapima mimba.

Njia hii inaweza kusaidia mbegu zikiwa chache kidogo. Lakini mirija yote miwili ikiziba, pengine juu ya magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa, haifai. Mara ya kwanza mimba inaweza kukosa, wengi wanarudilia.

Kumfukuza bibi mbele ya vipimo ni kumuhukumu bure.